Kupima mionzi: washa mashine ukiwa bado nje ya geti

Kijana akija kujifunza kazi kwangu, huwa namnyang'anya mashine kwanza na kumuuliza anataka kujua nini. Wengi hujibu, "Kama kuna mionzi." Mionzi ipo, hilo halina mjadala. Ipo kwenye tofali, kwenye kokoto, na mwilini mwako mwenyewe: mtu mzima wa kilo 70 amebeba potasiamu-40 ambayo atomu zake kama 4,000 huvunjika kila sekunde. Kwa wastani wa dunia kila mmoja wetu hupokea milisivati 2.4 kwa mwaka kutoka vyanzo vya asili peke yake; sivati ni kipimo cha dozi, yaani mionzi ambayo mwili umepokea.

Basi uliza vizuri. Nikisimama hapa saa nzima nitapokea kiasi gani? Hilo linajibiwa na mashine ya dozi, kwa maikrosivati kwa saa, na elfu moja ya hizo ni milisivati 1. Meza hii imechafuka? Hapo unataka kichwa chenye dirisha jembamba kinachohesabu mipigo, yaani mara ngapi mionzi imekigonga. Udongo huu una nini ndani yake, na kiasi gani kwa kilo? Hiyo ni kazi ya maabara, na jibu linakuja kwa bekereli, yaani atomu ngapi zinavunjika kwa sekunde. Anayezunguka na kifaa kimoja akitafuta majibu yote matatu anamaliza betri bure.

Mimi ni afisa usalama wa mionzi, na eneo langu ni Dar. Tanzania haina kinu cha umeme wa nyuklia, lakini kazi haikosekani: mashine za tiba ya saratani, viwanda vya Barabara ya Nyerere vyenye vyanzo vidogo vya mionzi vya kuangalia kama chupa imejaa, wajenzi wa barabara wenye kifaa cha kupima ushindiliaji ambacho ndani kina seziamu-137 na amerishiamu-241, mafundi wanaopiga picha mabomba kwa iridiamu-192. Mtu wa kinu cha nyuklia anafuata hatua hizi hizi, ila ana wenzake wengi na majengo makubwa zaidi.

Getini

Mashine inawashwa nje, mbali na chanzo, kabla hujasalimiana na mlinzi. Angalia kibandiko cha uhakiki. Mashine inatakiwa ihakikiwe kila mwaka, na kwa kuwa maabara ya viwango ya Tume ya Nguvu za Atomu, TAEC, iko Arusha, yangu hupanda basi. Pima betri. Kisha ionyeshe kitu unachokifahamu, uone kama inajibu vilevile ilivyojibu mara iliyopita. Mimi natumia kisoksi cha karabai ya zamani, vile vilivyotengenezwa kwa thoriamu, kikiwa kimefungwa ndani ya kikopo cha plastiki. Usikitoe, hasa kikiwa kimeshaungua, maana kinabaki unga na unga unavutwa puani.

Sasa pima mionzi asilia ya pale nje. Usitazame namba moja ukaondoka. Mipigo haiji kwa mpangilio. Inadondoka kama matone ya kwanza ya mvua juu ya bati, matatu kwa pamoja, kisha kimya. Kanuni ni fupi: ukihesabu mipigo kadhaa, wasiwasi wako, yaani kiasi ambacho hesabu inaweza kuyumba yenyewe, ni kipeuo cha pili cha hesabu hiyo. Dakika moja ikitoa 30, kipeuo chake ni kama 5.5, kwa hiyo dakika inayofuata ikitoa 36 hakuna kilichopanda. Sema nje umepata 300 kwa dakika 10, na juu ya mfuko wa sampuli 360 kwa dakika 10. Ziada ni 60, lakini wasiwasi wa tofauti hiyo ni kipeuo cha pili cha 660, karibu 26. Hapo bado siandiki kwamba nimepata kitu. Hesabu dakika 100 kila upande: 3,000 kwa 3,600. Ziada 600, wasiwasi 81. Sasa tunaweza kuongea.

Masika ina vituko vyake. Mvua kubwa inashusha chini vizalia vya radoni, gesi ya mionzi inayotoka ardhini, vilivyokuwa vinaelea hewani, na namba inapanda bila kosa la mtu yeyote. Vizalia hivyo vina nusu-maisha, yaani muda wa nusu ya atomu kuvunjika, ya dakika 20 hadi 27, kwa hiyo mvua ikikatika, kunywa chai, subiri saa mbili tatu, rudia.

Kwa nini nasisitiza kuwasha nje? Mwaka 1987, mjini Goiânia, Brazil, waokota vyuma walibeba kichwa cha mashine ya tiba kutoka kliniki iliyotelekezwa, wakakipasua, na seziamu-137 ikatapakaa mtaani. Mwanafizikia aliyeombwa kuangalia aliazima mashine ya kutafutia urani, akaiwasha akiwa bado yuko mbali na ofisi ambako mabaki yalikuwa yamepelekwa. Sindano ikagonga mwisho kila alikoielekeza. Akadhani ni mbovu, akarudi kuibadilisha. Ya pili ikafanya vilevile. Watu wanne walikufa, na zaidi ya 100,000 walipangwa foleni kupimwa. Angeiwashia ndani, asingekuwa na namba ya nje ya kulinganisha hata kidogo.

Kusogelea

Tembea taratibu, mashine ikiwa usawa wa kiuno, macho kwenye namba, masikio kwenye mlio. Umbali ndio kinga yako kubwa: ukitoka mita moja kwenda mbili kutoka kwenye chanzo kidogo, dozi inabaki robo. Ukitoka mita moja kwenda sentimita 10, inazidi mara 100. Ndiyo maana chanzo kinashikwa kwa koleo refu, hata kile ambacho mwenye kiwanda anaapa ni "kadogo tu."

Kuna hatari moja ambayo wauzaji wa mashine za bei rahisi hawaitaji. Mrija wa Geiger, ule unaohesabu mipigo ndani ya mashine, ukizidiwa na mionzi mikali unaweza kunyamaza, na baadhi ya mashine zinaonyesha sifuri. Kwa hiyo namba ikipanda, ikapanda, halafu ghafla ikaanguka wakati bado unasogea mbele, hujafika salama. Rudi nyuma kwa njia uliyojia.

Kwenye skrepa moja ya Vingunguti kijana aliniona nikizunguka rundo la vyuma chakavu. "Shikamoo mama. Hiyo inatafuta dhahabu?"

"Marahaba baba. Ikilia usije mbio."

Alicheka, lakini alibaki pale pale, na hicho ndicho nilichotaka. Ukikuta kitu kinachotoa mionzi mikali kwenye rundo, usikipasue, usikibebe kwenye gari lako, usikifukie. Ondoa watu hadi pale ambapo mashine inasoma chini ya maikrosivati 100 kwa saa. Ndiyo mpaka wa kwanza ambao Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomu linawapa waokoaji. Zungushia kamba, weka mtu wa kulinda, piga simu TAEC.

Siku za kawaida kazi ni ya ukuta na mlango. Kikomo cha mtu wa kawaida, nje ya mionzi asilia na ya hospitali, ni milisivati 1 kwa mwaka. Cha mfanyakazi wa mionzi ni wastani wa 20. Nikikuta karani amekaa nyuma ya ukuta wa chumba cha mionzi na pale panatoa ziada ya maikrosivati 0.5 kwa saa, nazidisha kwa saa 2,000 za kazi za mwaka: milisivati 1 kamili. Meza yake inahamishwa wiki hiyo hiyo. Kibandiko cha kifuani cha kupimia dozi ni lazima kwa wafanyakazi, lakini kinasomwa baada ya miezi. Kitakueleza yaliyokwisha kupita.

Uchafu

Dozi ni kitu kimoja, uchafu wa mionzi ni kingine, na watu wanavichanganya kila siku. Mtu aliyepigwa eksirei haondoki na chochote mwilini. Mtu aliyekanyaga unga wa seziamu anaondoka nao kwenye viatu, anapanda nao daladala, anaufikisha nyumbani.

Kuutafuta kunataka mkono mtulivu. Kichwa cha kupimia kina dirisha la maika, jembamba sana ili alfa, aina ya mionzi isiyopenya sana, ipite, maana alfa inazuiwa hata na karatasi. Kisiki cha nyasi kinatosha kulitoboa na mrija ukafa hapo hapo. Pitisha kichwa kama sentimita moja juu ya meza, si zaidi ya sentimita 5 kwa sekunde. Ukienda haraka unaliruka doa zima. Unapotafuta beta, aina inayopenya zaidi, kifunge kichwa kwa nailoni ili kisichafuke; mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019 mimi nilihamia kwenye ile nailoni laini ya kufungia chakula, na kusema kweli ni nzuri zaidi. Ukitafuta alfa, ivue.

Kisha futa. Kikaratasi cha chujio, kwenye sentimita 100 za mraba, mkandamizo wa wastani, ukipime mbali na chumba. Kikiwa safi wakati meza inalia, uchafu umeganda au chanzo kiko ndani ya kitu. Kwa chanzo kilichofungwa, kikaratasi kikitoa zaidi ya bekereli 200 tunasema chanzo kinavuja.

Usidharau viatu. Tarehe 28 Aprili 1986, kwenye kinu cha Forsmark, Uswidi, mfanyakazi alipita kwenye mashine ya ukaguzi na ikalia. Viatu vyake vilikuwa vimechafuka, na uchafu aliuokota nje, kwenye majani yaliyolowa mvua. Walipochambua aina za atomu wakaona hazikutoka kwao. Kinu cha Chernobyl, Ukraine, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pale, kilikuwa kimelipuka siku mbili kabla na dunia haijaambiwa.

Udongo na maji ya jirani

Habari hiyo inaonyesha kwa nini kinu kinapima hadi nje ya ukuta wake, na kwa nini kazi inaanza kabla ya tofali la kwanza. Bila kipimo cha awali huwezi kusema kilichopo leo ni cha nani. Namtumbo, kwenye urani ya Mto Mkuju, udongo una urani kwa asili. Asiyepima mapema atalaumu mgodi kwa kila kitu, au mgodi utasingizia asili kwa kila kitu. Kwenye kinu kinachofanya kazi, mfano Koeberg karibu na Cape Town, wanafuatilia kinachotoka kwenye dohani na kwenye maji, halafu samaki, maziwa, nyasi.

Udongo wa Dar una shida yake: kifusi. Nusu ya viwanja vimejazwa udongo wa kuletwa na malori, na ukipima hapo unapima machimbo ya Pugu au kwingineko. Tafuta ardhi ambayo haijaguswa, mbali na miti, paa na mtaro. Wazee wa mtaa ndio ramani bora. Muulize mzee kiwanja kipi hakijawahi kujazwa. Gongomelea mkebe usio na kitako wenye eneo unalolijua, sentimita 5 kwenda chini, sehemu kadhaa, changanya. Andika tarehe, mahali, kina na hali ya hewa juu ya mfuko wenyewe, si kwenye simu.

Maabara: kausha nyuzi 105 mpaka uzito ugome kushuka. Chekecha kwa tundu la milimita 2. Jaza chombo, ziba kabisa, halafu acha kama mwezi mmoja. Vijana wanaona ni uvivu. Radoni-222 ina nusu-maisha ya siku 3.8, inahitaji muda huo irudi kwenye usawa na radiamu inayoizaa, la sivyo utasoma pungufu. Kigunduzi cha jemaniamu, kinachopozwa kwa naitrojeni ya kimiminika yenye nyuzi 196 chini ya sifuri, kitakupa milima kwenye skrini, kila mmoja kwa nishati yake kwa keV: 609 na 911 ni za familia za urani na thoriamu, 1,461 ni potasiamu-40, na 662 ni seziamu-137. Kwenye udongo wa kawaida duniani potasiamu-40 ni karibu bekereli 400 kwa kilo, urani kama 35 na thoriamu kama 30. Mchanga mweusi wa Kigamboni, wenye madini mazito, usiulinganishe na hizo. Madini ya monazaiti ndani yake yana thoriamu.

Kama una kigunduzi cha kioo cha sodiamu ayodaidi, kilinde na gari lako. Kukitoa kwenye kiyoyozi na kukiweka kwenye jua la Machi ni kukipasua. Fungua madirisha mapema, kizoee taratibu.

Maji ni rahisi kuchota na magumu kupima. Tia asidi ya naitriki kidogo ili chuma na urani visigande kwenye kuta za chupa. Viwango vya uchunguzi vya Shirika la Afya Duniani ni bekereli 0.5 kwa lita kwa alfa zote, na 1 kwa beta zote. Lakini visima vyetu vingi vya pwani vina chumvi. Ukikausha lita nzima, tabaka la chumvi linameza alfa na unatangaza maji safi kimakosa. Chukua maji machache, hesabu muda mrefu. Beta ikizidi, pima potasiamu kabla hujamtisha mtu, maana potasiamu-40 nayo hutoa beta.

Ripoti iwe na namba, wasiwasi wake, mashine gani, umbali gani, nje palisoma ngapi. Mwenye kiwanda akitaka uandike "hakuna mionzi," mwambie sentensi hiyo haipo. Andika "haikuzidi kiwango ambacho mashine hii inaweza kukiona," na utaje kiwango.

Kabla ya kuondoka jipime viganja, nyayo na matairi. Kisha toa betri. Hewa ya chumvi ya hapa haichelewi kula vishikizo, na mashine isiyowaka getini inakurudisha ofisini.