Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kusoma Jenomu za Virusi Ili Kujua Vilikopita

Kabla mashine haijawashwa, ni vyema kujua kama kirusi kinachochunguzwa hubadilika upesi kiasi cha kuacha alama njiani. Kirusi cha UVIKO-19 kina jenomu, yaani maelezo yake yote ya urithi yanayosomwa kama mfuatano wa herufi, ya herufi zipatazo 30,000, na kwa kawaida hupata mabadiliko kama mawili tu kwa mwezi. Hivyo jenomu za watu wawili walioambukizana wiki iliyopita huweza kulingana herufi kwa herufi, na hapo hakuna maabara itakayosema nani alimwambukiza mwenzake. Kati ya mkoa na mkoa, ambako miezi hupita, alama hujikusanya na njia huanza kuonekana.

Sampuli iliyohitaji mizunguko mingi ya PCR (kipimo kinachonakili vinasaba vya kirusi tena na tena hadi vionekane), tuseme zaidi ya 30, ina virusi vichache na mara nyingi hutoa jenomu yenye mapengo. Kila awamu ya kusoma sampuli iambatane na mrija wa maji matupu, kwani virusi vikisomeka humo, sampuli zimechafuliana.

Kazi nyingi, hata hivyo, huharibikia kwenye karatasi. Tarehe inayotakiwa ni ya siku mgonjwa alipochukuliwa sampuli, wala si siku mrija ulipopokelewa maabara. Na mahali panapotakiwa ni anapoishi pamoja na alikosafiri, kwa sababu mgonjwa aliyepewa rufaa mkoa wa jirani akiandikwa kwa jina la hospitali, ramani itaonyesha maambukizi mahali ambapo hayakuanzia.

Uwiano wa sampuli nao upangwe mapema. Mkoa uliosoma jenomu 500 ukilinganishwa na jirani aliyesoma 10, ule wa kwanza utaelekea kuonekana chimbuko la kila kitu, ingawa huenda kosa lake pekee ni kuwa na maabara nzuri.

Jenomu za milipuko iliyopita ziwe tayari kwa ulinganisho. Ebola ilipozuka Guinea mwaka 2021, virusi vyake vilikutwa vinakaribiana mno na vile vya mlipuko wa 2014 hadi 2016, jambo lililoashiria kwamba chanzo kilikuwa maambukizi yaliyodumu ndani ya mtu aliyepona, wala si mnyama wa porini kama ilivyozoeleka kudhaniwa. Matokeo ya namna hiyo huweza kuwafanya waliopona watengwe, kwa hiyo ikubaliwe mapema nani atayatangaza, kwa maneno gani, na nani ataelezwa kwanza.