Somo: Kujifunza udereva pesa ikiwa ya kubana

Habari zenu ndugu zangu. Naandika somo hili kwa wale ambao kila wakipiga hesabu ya ada ya udereva wanaahirisha mpaka mwakani. Mimi nilijifunza nikiwa na kipato cha kubangaiza. Nililipia masomo mawili, nikakaa wiki tatu natafuta pesa ya mengine, nikarudi mguu umeshasahau kila kitu. Tukaanza upya. Nikalipa tena, nikakaa tena. Nilipokuja kujumlisha, karibu nusu ya saa nilizolipia zilikwenda kwenye kurudia nilichokwisha kufundishwa. Iliniuma, na sitaki imuume mwingine.

Somo zima limesimama juu ya jambo moja: saa ya ndani ya gari ndiyo ghali kuliko vyote, kwa hiyo usiitumie kujifunza kitu ambacho ungeweza kukijua bila gari.

Hatua ya 1: Kusanya kwanza, ndipo uanze

Usilipe somo moja moja kadiri pesa inavyoingia. Subiri mpaka uwe na ya masomo sita hivi, halafu uyachukue kwa kufuatana, mara mbili au tatu kwa wiki. Udereva unakaa mwilini, na mwili ukiachwa muda mrefu unapoteza. Tenga pia pesa ya leseni ya kujifunzia na ada ya mtihani kabla hujagusa usukani. Nimeona watu wameiva kabisa kwa mtihani lakini ada hawana. Wanakaa miezi, na siku wakiipata inabidi walipie masomo mengine ya kujikumbusha.

Hatua ya 2: Nadharia imalizie nyumbani

Hakuna sababu ya kumlipa mtu akuonyeshe alama za barabarani gari likiwa limesimama. Azima kitabu cha sheria za barabarani cha nchi yako, au kipakue kama mamlaka inakitoa bure. Nchi nyingi zinafuata Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu alama za barabarani, na ukishika umbo na rangi umeshapata sehemu kubwa: pembetatu yenye ukingo mwekundu inaonya, duara lenye ukingo mwekundu linakataza, duara la bluu linaamuru, pembetatu iliyogeuzwa kichwa chini inakwambia upishe. Ile ya kusimama ina pembe nane ili uitambue hata ukiiona kwa nyuma au ikiwa imefunikwa vumbi.

Zijue na hesabu za mwendo, maana ndizo zitakazokufanya uheshimu nafasi kati yako na gari la mbele. Ukiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, kila sekunde moja unakwenda karibu mita 14. Ukichelewa sekunde moja tu kukanyaga breki, hizo mita 14 zimeshapita na gari bado halijaanza kupunguza. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali ambao breki inauhitaji kulisimamisha gari unakuwa mara nne.

Ukipanda basi, kaa mahali unapoiona barabara ya mbele. Isome kimoyomoyo: alama hii inasema nini, dereva ameangalia kioo lini, amepunguza gia kabla ya kona au ndani ya kona? Hilo ni somo kamili, na nauli ungelipa hata hivyo.

Hatua ya 3: Kiti na vipande vitatu vya mbao

Hii wengi huidharau, lakini kwangu ndiyo iliyookoa pesa nyingi kuliko zote. Kaa kwenye kiti, weka chini vipande vitatu vya mbao badala ya pedali: kushoto klachi (ile inayotenganisha injini na magurudumu unapobadili gia), katikati breki, kulia mafuta. Mpangilio huo ni uleule, usukani wa gari uwe kulia au kushoto. Mguu wa kushoto ni wa klachi peke yake. Wa kulia unahama kati ya breki na mafuta, kisigino kikiwa sakafuni.

Kisha jisemeshe kwa sauti: klachi chini, gia ya kwanza, kioo, indiketa, geuza shingo uangalie pembeni, achia klachi taratibu. Gia ya pili: mguu utoke kwenye mafuta, klachi chini, vuta gia, achia. Fanya robo saa kila jioni kwa wiki mbili. Siku utakayoingia kwenye gari, kichwa hakitakuwa kinatafuta kipi kinafuata kipi, kitakuwa na nafasi ya kuisikiliza injini.

Hatua ya 4: Kumchagua mwalimu

Kabla ya kulipa uliza haya. Saa inaanza kuhesabiwa ukikaa kwenye usukani au gari likitoka ofisini? Mafuta yamo ndani ya ada? Gari la mtihani linalipiwa tofauti? Gari lina breki upande wa mwalimu? Na je, ukitaka kuacha katikati, masomo yaliyobaki unarudishiwa?

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa akiitumia saa yangu kupita kujaza mafuta na kumshusha mwanafunzi mwingine. Nilikuwa nimeshamlipa kabla sijamjua, nikawa sina la kufanya. Tangu hapo nawaambia watu: lipia masomo mawili kwanza, uone. Akiwa mzuri, ndipo ulipie fungu lote, na hapo omba punguzo bila haya.

Kama mna wenzenu wanaojifunza, ombeni mpande wawili kwa zamu, mmoja anaendesha na mwingine yuko nyuma. Aliyeko nyuma hujifunza kwa makosa ya mwenzake akiwa hana woga, na walimu wengi hukubali kupunguza bei.

Hatua ya 5: Saa ya kwanza iwe ya klachi

Mwambie mwalimu wazi kwamba saa ya kwanza hutaki barabara, unataka uwanja tambarare. Gari liwake, klachi chini kabisa, gia ya kwanza, handbreki ishushwe, mguu wa kulia ukae juu ya breki bila kuikandamiza. Usiguse mafuta. Sasa achia klachi polepole kabisa, kama unainua mguu kutoka juu ya yai. Kuna mahali sauti ya injini itazama kidogo, boneti itanyanyuka kama mtu anayevuta pumzi, na utasikia mtikisiko mdogo kwenye unyayo. Hapo klachi imeshika. Usiinue zaidi! Shikilia hapohapo, gari litaanza kutambaa lenyewe. Likishatambaa mita chache, malizia kuachia. Kanyaga klachi, kanyaga breki, simama. Rudia mara thelathini.

Gari likizima, jua tu kwamba umepita pale mahali kwa haraka. Baada ya saa moja ya namna hii mguu unakuwa umepajua, na masomo yanayofuata yanakuwa ya barabara kweli.

Hatua ya 6: Gari la ndugu au rafiki

Ukipata mtu wa kukuazima gari, shukuru, lakini kwanza hakikisha mambo matatu: bima inamkubali mwanafunzi, leseni yako ya kujifunzia ipo, na anayekaa pembeni yako anatimiza masharti ya sheria ya kwenu. Bila bima, kugonga gari la mtu mara moja kunaweza kukugharimu kuliko masomo yote. Kubalianeni mapema nani atalipa likikwaruzwa. Mafuta uliyotumia yarudishe siku hiyohiyo.

Kila siku ya mazoezi iwe na kazi moja. Leo rivasi tu. Kesho kuegesha tu.

Hatua ya 7: Mtihani

Uombe pale mwalimu anapomaliza somo zima bila kukushikia usukani wala kugusa breki yake. Kurudia mtihani ni ada mara mbili. Somo la mwisho lifanyie kwenye gari utakalotumia siku hiyo, maana kila klachi ina mahali pake.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Si bora nijifunze gari la otomatiki, niokoe masomo?

Utawahi kweli kuiva, kwa sababu klachi haipo. Lakini ziko nchi, Uingereza ikiwemo, ambako ukifaulu kwa otomatiki leseni yako hairuhusu gari la gia za mkono. Kama unatafuta kazi ya udereva, jifunze la gia. Kama ni la kwako la nyumbani na unajua litakuwa otomatiki, sioni ubaya.

Swali: Mwalimu wangu ananifokea mpaka natetemeka, na nimeshalipa masomo kumi. Nimebakiwa na saba.

Pole sana dada. Mwambie kabla hamjawasha gari, kwa upole: "Ukinifokea nasahau, naomba unielekeze taratibu." Wengi hubadilika wakiambiwa. Asipobadilika, nenda kwa mwenye shule uombe mwalimu mwingine kwa masomo hayohayo saba. Usiyaache yapotee, ni pesa yako.

Swali: Video za kwenye simu zinatosha badala ya mwalimu?

Kwa mpangilio wa hatua zinasaidia sana, zitazame ukiwa kwenye kile kiti chenye mbao. Lakini mtikisiko wa klachi haupiti kwenye skrini.

Swali: Nina miaka 52, si nimechelewa?

Hapana mzee wangu. Pengine utahitaji marudio zaidi kidogo kuliko kijana, ndiyo maana hatua ya 3 ni muhimu kwako mara mbili. Pima macho mapema, miwani ikihitajika uizoee kabla ya somo la kwanza.

Swali: Kwenye mlima gari linanirudi nyuma, na nyuma yangu kuna magari. Nifanyeje?

Tumia handbreki. Simama, ivute mpaka ishike, gia ya kwanza. Ongeza mafuta kidogo mpaka injini iungurume kwa utulivu, kisha inua klachi hadi uone boneti inanyanyuka. Miguu isitembee tena hata kidogo. Hapo shusha handbreki. Gari litasimama palepale au litaanza kupanda, halitarudi. Likirudi, uliishusha kabla klachi haijashika, kwa hiyo kanyaga breki na klachi uanze upya. Fanyia mazoezi kwenye kimlima kifupi kisicho na magari, mara ishirini, kabla ya kwenda kwenye mlima wenye foleni.