-ing hii ni ya nani? Iulize -ki-

Nikitafsiri kutoka Kiingereza, sentensi inayonikwamisha si ile yenye maneno magumu. Ni kama hii: "I saw your uncle crossing the bridge." Nani alikuwa anavuka? "Crossing" haimtaji mtenda. Kiswahili hakikubali ukae kimya hivyo: utaandika ama nikivuka, ama akivuka. Kwa hiyo -ki-, pamoja na kiambishi cha mtenda kinachoitangulia (ni-, a-), ndiyo kipimo changu.

Hatua ya 1: Hakikisha ni kirai kweli, yaani fungu la maneno lenye -ing lisilo kitenzi kikuu wala jina. Katika "She is cooking", -ing ni sehemu ya kitenzi kikuu. Katika "Cooking takes time", ni jina tu, kupika. Ziache hizo.

Hatua ya 2: Tazama kilipokaa. Kikianza sentensi na kufuatwa na koma, mwenyewe ni kiima kinachokuja baada ya koma. "Crossing the bridge, I saw your uncle": nikivuka, hakuna mjadala. Kikifuata nomino moja kwa moja bila koma, ijaribu nomino hiyo kwanza: mjomba wako akivuka. Kikija mwishoni baada ya koma, mara nyingi kinarudi kwa kiima. "She sat by the window, peeling oranges": akimenya. Dirisha halimenyi machungwa.

Hatua ya 3: Weka -ki-, kisha soma kwa sauti. "Walking to the market, the rain soaked my shoes." Kwa kanuni tuliyoiona, inakuwa: ikitembea kwenda sokoni, mvua ililowesha viatu vyangu. Ukicheka, umeshaona kasoro. Mtembeaji hayumo kwenye sentensi. Kama ni yako, mrudishe: "Walking to the market, I got my shoes soaked."

Usimtafute mwenyewe kila mahali, lakini. "Considering the price, the shoes are good" ni ukizingatia bei, na hiyo u- si ya mtu yeyote hasa. Na katika "The bus broke down, leaving us in the dark", kilichotuacha gizani ni tukio zima la basi kuharibika.

Hatua ya 4: Kwa virai vya -ed, tumia kirejeshi, yaani "amba-" iliyoingia ndani ya kitenzi (ulio-, iliyo-), ngeli ikuamulie. "The leg of the table damaged by termites": mguu wa meza ulioharibiwa, au iliyoharibiwa? Lazima uchague. Ila kuna siku kipimo hugoma. "The lid of the pot cracked by the fire" ikawa kifuniko cha chungu kilichopasuka, na vyote viwili ni KI-VI. Hapo nilimwandikia mteja kumuuliza kilichopasuka ni kipi.