Kuweka saa ya chesi yenye vipindi zaidi ya kimoja

Saa ya kidijitali ikiwekwa vibaya, kosa halionekani mwanzoni. Huibuka karibu na mwendo wa 40, wachezaji wakiwa wamebakiwa na sekunde, na hapo kulirekebisha ni kazi. Mfano tutakaotumia ni wa kawaida mashindanoni: dakika 90 kwa miendo 40, kisha dakika 30 hadi mwisho, na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila mwendo tangu wa kwanza.

1. Andika mfumo kwenye karatasi

Kwa kila kipindi andika muda, idadi ya miendo, sekunde za ziada na aina ya sekunde hizo. Aina ndiyo inayosahaulika. Nyongeza ya Fischer, iliyotumika katika mechi ya wachezaji Fischer na Spassky mwaka 1992, huongeza sekunde zote hata ukicheza haraka, hivyo muda unaweza kupanda. Aina ya Bronstein hurudisha zile ulizotumia tu, bila kuvuka kiwango. Ucheleweshaji husimamisha saa kwanza, ndipo muda uanze kupungua. Namba ni ile ile, 30, lakini mchezo ni tofauti kabisa.

2. Ingiza namba

Kama saa ina programu tayari ya mfumo wako, tumia hiyo. Kuingiza kwa mkono kuwe chaguo la mwisho. Dakika 90 huingizwa kama 1:30. Kagua pande zote mbili, kisha hifadhi.

3. Amua kipindi cha pili kitaingiaje

Hapa ndipo penye kazi. Saa huingia kipindi kinachofuata kwa njia mbili: muda wa kwanza ukifika 0:00, au kaunta ya miendo ikifika 40.

Kaunta haioni ubao. Inahesabu mibonyezo tu. Mweupe akicheza akasahau kubonyeza, Mweusi akajibu, kisha Mweupe akacheza tena na kubonyeza, saa imepoteza mwendo mzima wa kila upande, pamoja na nyongeza zake. Kwenye mwendo wa 40 itasoma 39. Kinyume chake, mchezaji akiangusha kete na mwenzake akambonyezea saa ili ainue kete hiyo kwanza, kaunta hutangulia, na dakika 30 huingia mapema.

Kwa hiyo, nyongeza ikiwa ni ile ile tangu mwendo wa kwanza, zima kaunta na uache muda uingie kwenye 0:00. Lakini ujue gharama zake. Aliyemaliza miendo 40 akiwa na dakika 12 ataendelea kuona 12, ilhali kwa kweli ana 42. Watangazie wachezaji kabla ya raundi, la sivyo mtu atacheza kwa haraka isiyo na sababu. Pia saa itampa dakika 30 hata aliyecheza miendo 38 tu. Lazima mwamuzi awepo mezani muda unapokaribia sifuri na aangalie karatasi za kuandikia miendo. Asitegemee alama ya bendera (ya kuonyesha muda umekwisha) kwenye kioo, kwa sababu saa nyingi huiondoa baada ya muda.

Kuna hali ambayo kaunta haina mbadala: nyongeza inapoanza baadaye. Mechi ya ubingwa wa dunia ya 2024 ilikuwa dakika 120 kwa miendo 40, kisha dakika 30 na sekunde 30 kwa kila mwendo kuanzia wa 41. Bila kaunta, mchezaji aliye mwendo wa 45 akiwa bado na dakika 10 za kipindi cha kwanza hapati nyongeza yoyote hadi afike sifuri. Amedhulumiwa. Washa kaunta, na uilinganishe na karatasi za wachezaji angalau kwenye mwendo wa 20 na wa 35.

4. Jaribu kwa muda mfupi

Weka kipindi cha kwanza dakika 1, cha pili dakika 2, bila nyongeza. Anzisha, usibonyeze kitu. Ikifika sifuri ikaongeza dakika 2, inafuata muda. Ikiganda, inafuata kaunta. Dakika moja ya jaribio hili inafaa kuliko kusoma kijitabu kizima.

5. Anzisha

Wenzo, yaani sehemu ya juu ya saa inayobonyezwa, uwe juu upande wa Mweupe, kwa sababu saa humhesabu kuwa Mweupe yule ambaye muda wake unaanza kukimbia. Ikishaanza isome 1:30:30, maana nyongeza ya mwendo wa kwanza hutolewa mwanzoni. Ukiona 1:30:00, nyongeza haijawekwa.

6. Kurekebisha katikati ya mchezo

Simamisha saa, andika muda wa pande zote, idadi ya miendo na nani anacheza. Ndipo uguse vitufe. Kwenye saa nyingi za chapa ya DGT, shikilia kitufe cha kuanza na kusimamisha kwa sekunde 3. Kifungu 6.10 cha kanuni za FIDE, shirikisho la chesi la dunia, kinamtaka mwamuzi arekebishe muda na kaunta pia ikibidi. Wengi husahau hiyo ya pili.

Hesabu ya nyongeza iliyokosekana: kila upande ukiwa umemaliza miendo 18, unadai nyongeza 19, si 18, kwa kuwa ya mwendo unaofuata ingekuwa imeshaingia. 19 mara 30 ni sekunde 570, yaani dakika 9 na sekunde 30 kwa kila mmoja. Ukimaliza, waonyeshe wachezaji wote wawili kioo kabla ya kuiwasha tena.