Kumtunza farasi kwenye theluji: maelezo ya saisi wa Usa River

Mdogo wangu anayekaa Maji ya Chai, hapa jirani nje ya Arusha, amepata mkataba wa kutunza farasi Kanada, anaondoka mwezi wa kumi. Juzi alikuja bandani, akakaa juu ya robota la nyasi, akaniuliza: "Kaka, hivi wale farasi hawafi na baridi?" Nilimjibu kwa saa mbili, na njiani kurudi nyumbani nikakumbuka mengine ambayo sikumwambia. Nayaandika hapa, maana najua hayuko peke yake. Vijana kadhaa waliojifunza kazi hii huku kwetu, na wale wa mashamba ya Siha, wanaulizia kazi za nje.

Mimi ni saisi, mwaka wa kumi na tisa sasa. Misimu miwili ya baridi nilifanya kazi kwenye shamba la farasi jimbo la Alberta, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Calgary. Theluji nilikuwa naiona tangu utoto, kule juu Kibo, kilele cha Kilimanjaro, asubuhi anga likitakata. Kufanya kazi ndani yake ni habari nyingine.

Utakapofika utatetemeka, na mkono wako utataka kumfunika kila farasi blanketi na kufunga kila dirisha. Uzuie huo mkono. Farasi anayeishi nje kule huanza kuota manyoya ya baridi tangu mchana unapoanza kufupika, baridi yenyewe ikiwa bado. Ikifika Desemba manyoya yamekuwa marefu, yanasimama na kushika hewa katikati yake, na hewa hiyo ndiyo blanketi lake. Farasi wa namna hiyo, akiwa mkavu na ana nyasi za kutosha, hahangaiki mpaka nyuzi 8 au 10 chini ya sifuri. Farasi mwenye manyoya mafupi kama hawa wetu huanza kutumia nguvu ya ziada kujipasha joto hata ikiwa nyuzi 5 juu ya sifuri.

Asubuhi ya theluji kubwa ya kwanza niliwakuta wamesimama uwanjani, migongo imefunikwa weupe kama waliomwagiwa unga. Nikakimbilia brashi. Mzee wa shamba akanishika mkono, akaniambia nipenyeze vidole chini ya ile theluji mpaka nifike kwenye ngozi. Chini kulikuwa na joto, tena pakavu kabisa. Theluji ilikuwa inakaa juu bila kuyeyuka kwa sababu joto la mwili lilikuwa halivuji. Tangu siku hiyo nikajua wa kumtazama mara mbili ni yule ambaye theluji inamyeyukia mgongoni na kumlowesha.

Kwa hiyo ukiniuliza adui wa farasi kwenye majira yale, nitakwambia ni maji: yaliyozidi kwenye ngozi, au yaliyopungua tumboni.

Tuanze na ngozi. Manyoya yakilowa hulala, hewa hutoka, na baridi huingia moja kwa moja. Mvua ya nyuzi 2 yenye upepo inamtesa farasi kuliko siku kavu ya nyuzi 15 chini ya sifuri. Hili halihitaji kwenda Kanada. Nenda Sanya Juu kwenye kipupwe, mwezi wa saba, siku ya manyunyu na upepo unaoshuka mlimani, utaona farasi wanavyojikunyata na kuupa upepo mikia yao. Dawa yake ni banda la kuta tatu lililoupa upepo mgongo, lenye sakafu kavu, na farasi aachwe achague mwenyewe kuingia au kutoka. Utashangaa wanavyochagua kusimama nje theluji ikianguka taratibu, na wanavyokimbilia ndani mvua ikinyesha.

Blanketi lina wenyewe: mzee, mgonjwa, aliyekonda, mtoto, aliyenyolewa manyoya kwa ajili ya mashindano, na mgeni aliyetoka nchi ya joto kabla hajaota manyoya. Ukishamvisha farasi blanketi umeyalaza manyoya yake, basi usimvue katikati ya baridi ukamwacha hivyo hivyo. Usimvishe akiwa amelowa. Mkaushe kwanza kwa kumsugua na nyasi kavu kinyume cha manyoya. Na kila siku, kila siku, livue uangalie mabegani na kifuani, maana ndipo linapochubua, na chini yake farasi anaweza kukonda mwezi mzima bila wewe kujua.

Sasa tumbo. Hapa naomba usome polepole.

Farasi mzima wa kilo 500 hunywa kama lita 25 hadi 40 kwa siku. Akiwa kwenye majani mabichi, sehemu kubwa ya maji anaipata humo humo. Majira ya baridi anakula nyasi kavu, ambazo karibu hazina maji, kwa hiyo anahitaji kunywa zaidi wakati ambapo maji ni baridi na hana hamu nayo. Asipokunywa, chakula hukauka na kukwama kwenye utumbo, halafu msokoto wa tumbo unaanza. Utasikia watu wakisema farasi atakula theluji. Ndiyo, atairamba, lakini theluji mpya ya ndoo kumi ikiyeyuka inatoa kama ndoo moja ya maji, na joto la kuiyeyusha linatoka kwenye mwili wake mwenyewe. Usikubali theluji iitwe maji.

Msimu wangu wa kwanza, mwezi wa pili, tulikuwa na birika kubwa la kunyweshea lenye hita ya umeme ndani yake. Kila asubuhi nilipita na kuangalia: maji hayajaganda, mvuke unapanda, naandika kwenye daftari "maji sawa". Siku tatu mfululizo. Kulikuwa na jike mzee wa kahawia, mimi nilimwita Bibi. Siku ya tatu mavi yake yalikuwa vigololi vidogo vigumu vilivyofunikwa ute. Mchana akaanza kugeuza shingo kutazama ubavu wake, akakwaruza chini kwa mguu wa mbele, akalala, akainuka, akalala tena. Daktari wa mifugo akaitwa, akampitishia mpira puani mpaka tumboni, akamwekea maji na mafuta.

Wakati tunamsubiri daktari nilirudi kwenye birika. Pembeni kulikuwa na utando wa barafu, nikavua glavu niuondoe, na nilipotia vidole nikasikia mnyeo, kama ule wa kugusa friji yenye waya mbovu. Hita ilikuwa inavujisha umeme. Nikatazama chini. Nyayo za farasi kwenye theluji zilikuwa zimefika hatua moja kutoka birika, zikageuka. Zote. Zilikuwa pale tangu juzi, na mimi nilizikanyaga kila asubuhi nikienda kuandika "maji sawa". Bibi alipona, alfajiri alitoa mavi laini na sote tukashukuru Mungu, lakini yale maumivu yake ya usiku kucha niliyasababisha mimi kwa kuangalia maji badala ya kumwangalia anayekunywa.

Basi fanya hivi. Chora alama ndani ya birika, ili ujue maji yamepungua kiasi gani tangu jana. Simama uwaone wakinywa kwa macho yako, hata kama miguu inakufa ganzi. Hita iwe imeunganishwa na ardhi na iwe na swichi inayojikata umeme ukivuja. Ukishuku, chomoa waya na uite fundi, usipime kwa mkono kama nilivyofanya mimi bila kujua. Kama hakuna hita, vunja barafu asubuhi, mchana na jioni, na uitoe kwa chujio, usiiache ielee. Maji ya uvuguvugu kwenye ndoo, mara mbili kwa siku, huwafanya wanywe zaidi, hasa wazee. Tia chumvi kwenye chakula, vijiko viwili vya chakula kwa siku, lakini pale tu una hakika maji yapo.

Mavi yakusomee hali. Farasi mzima hutoa mara 8 hadi 12 kwa siku. Yakipungua au yakikauka, usingoje kesho. Joto la mwili ni kati ya 37 na 38.5, na mapigo ya moyo akiwa ametulia ni 28 hadi 44 kwa dakika. Ukihesabu 60 na anaonyesha maumivu, mwondolee chakula na mwite daktari hapo hapo.

Chakula cha kumpasha joto ni nyasi kavu. Wengi wanadhani ni nafaka. Kwenye utumbo mpana wa farasi kuna vijidudu vinavyochachua nyuzinyuzi za nyasi, na uchachu huo ndio unaotoa joto, saa baada ya saa. Yule wa kilo 500 anakula kilo 8 hadi 10 za nyasi kwa siku, na baridi ikikaza mpandishie mpaka kama kilo 12. Mpe nyingi jioni, maana usiku ni mrefu kuliko unavyofikiri: Desemba kule jua linazama saa kumi na nusu jioni na kuchomoza saa mbili na nusu asubuhi. Robota lenye ukungu litupe, hata kama mwenye shamba atanung'unika.

Manyoya marefu yanaficha mifupa. Kila wiki vua glavu ukandamize mbavu kwa vidole. Kuna kipimo cha 1 hadi 9 walichokitunga Don Henneke na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas A&M mwaka 1983; 1 ni mifupa mitupu, 9 ni unene uliopitiliza. Anza majira ya baridi na farasi wa 5 au 6: mbavu huzioni, lakini ukigusa unazipata bila kutafuta.

Kwato sasa. Farasi mwenye viatu vya chuma akitembea kwenye theluji mbichi, theluji hushika chini ya kwato na kuganda kuwa donge, mpaka anatembea kama aliyevaa viatu vya kisigino, na hapo kifundo kinaweza kuteguka. Wengi kule huwavua viatu msimu mzima, na mimi naunga mkono. Asipovuliwa, fundi wa kwato amwekee raba maalumu chini ya kiatu. Kwa safari fupi, mafuta ya mgando yakipakwa kwenye wayo husaidia kidogo. Tembea na chuma cha kusafishia kwato mfukoni. Donge likiwa gumu, ligonge kwa nyundo ndogo taratibu, kutoka pembeni.

Theluji haikuniogopesha kama barafu. Kule Alberta kuna upepo wa joto unaoitwa Chinook, unashuka kutoka milima ya Rocky, na unaweza kupandisha joto nyuzi 20 ndani ya saa chache. Mchana uwanja ni tope, usiku unaganda, asubuhi umekuwa kioo. Siku hiyo usifungue mlango wa zizi kabla hujatembea njia yote kwa miguu yako. Mwaga mchanga, majivu, au maranda machafu yenye mavi kuanzia mlangoni mpaka kwenye maji na nyasi. Waongoze mmoja mmoja, kamba ndefu, usiizungushe mkononi. Bwawa lililoganda lizungushiwe uzio tangu kabla ya theluji, kwa sababu likishafunikwa farasi halijui, na wewe mgeni pia hulijui.

Ndani ya banda, acha hewa ipite juu ya vichwa vyao. Ukiinama usawa wa maranda na mkojo ukakuchoma macho, mapafu ya farasi yanaumia. Hita za kubebeka na nyaya za kuunganisha usiziruhusu karibu na nyasi.

Kupanda: lijamu ya chuma ipashe kiganjani au chini ya koti kabla ya kumtia mdomoni, maana chuma kilichoganda kinanata kwenye ulimi na kuuchuna. Nenda mwendo wa kutembea zaidi. Ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri usimkimbize kabisa, hewa ile inaumiza njia ya pumzi. Akitoka jasho, mtembeze na blanketi la sufu juu mpaka kifua na mgongo vikauke. Hiyo inaweza kuchukua saa nzima, na saa hiyo ni sehemu ya kazi.

Na wewe mwenyewe, mdogo wangu: glavu jozi mbili, moja ikilowa nyingine iko mfukoni. Mabuti ya namba moja zaidi, soksi za sufu. Mwambie mtu unapokwenda uwanja wa mbali.

Kabla ya kulala pita tena na tochi. Ingiza vidole chini ya masikio, kwenye shina. Yakiwa baridi na farasi anatetemeka, mwingize pakavu, mpe nyasi, rudi baada ya nusu saa. Angalia kama komeo la mlango halijaganda. Halafu simama kimya karibu na birika mpaka usikie angalau mmoja akimeza.