SOMO: Makaratasi ya mwigizaji aliyefariki, namna ya kuyapanga kabla hujayapeleka popote

Mwezi huu nimeulizwa jambo hili hadi nimechoka kurudia, kwa hiyo naliandika mara moja. Atakayeniuliza tena nitamleta hapa.

Kwa wasionijua: baba yangu mkubwa aliigiza jukwaani, redioni, na mwishoni kwenye televisheni. Hakuwahi kuwa nyota. Alikuwa mwenye nyumba anayedai kodi, mlinzi wa usiku, mzee wa baraza. Sokoni Tanga watu walimsimamisha, "Wewe si yule…!", na jina hawalijui. Mchekeshaji King Majuto alipofariki Agosti 2018 nchi nzima ilipata habari. Waigizaji waliozoea kumjibu nyota jukwaani wana nini zaidi ya daftari zao?

Tena maigizo mengi ya vikundi vya utamaduni vya Dar es Salaam miaka ya 80 na 90 hayakuwa na skripti kamili. Kisa kilielezwa mazoezini, kila mtu akatia maneno yake. Ukikuta daftari lenye mistari kumi tu, "naingia, nagombana na mkwe, natoka", usilitupe. Hakuna nakala nyingine ya mchezo ule.

1. Nawa mikono, kausha vizuri. Kalamu ya wino isikaribie meza. Penseli tu.

2. Piga picha sanduku likiwa wazi kabla hujagusa kitu.

3. Usipange upya. Hapa ndipo nilipoharibu, nisomeni vizuri.

Sanduku lake la bati lilikuwa na skripti za redio kumi na kitu, na ndani ya kila moja vikaratasi: tiketi ya basi, picha, risiti, kipande cha pakiti ya sigara. Mimi nikaona fujo. Kwa siku mbili nikatenga barua huku, picha kule, skripti pale, kila fungu kwa mwaka, na vikaratasi vyote nikavitia kwenye bahasha moja. Baada ya mwezi akaja mzee mmoja aliyeigiza naye. Akafungua skripti, akapekua hadi katikati, akaniuliza, "Ile karatasi ya sigara iko wapi?" Kumbe pale mwandishi alipompa sentensi ndefu, baba mkubwa aliandika maneno yake mwenyewe, mafupi zaidi, nyuma ya pakiti, na ndiyo yaliyokwenda hewani. Nikamletea bahasha. Ilikuwa na vipande 31. Mzee alitambua viwili. Vile 29 ninavyo mpaka leo, na hakuna ajuaye ni vya mchezo gani.

Kwa hiyo: kilichokuwa ndani ya kitu kibaki nacho. Skripti ya kwanza ipe namba 1, kilichokuwa ukurasa wake wa 12 kiandike "1, uk. 12" kwa penseli nyepesi pembeni, nyuma. Mafungu aliyoyafunga mwenyewe kwa kamba yasichanganywe hata kama huelewi kwa nini yako pamoja. Ukitaka mpangilio wa miaka, utengeneze kwenye orodha.

4. Pini na vibanio vyenye kutu vitoe polepole. Kunjua miguu ya pini kwanza, usivute.

5. Picha zilizonata kwenye albamu ya gundi: pitisha uzi wa kusafishia meno chini yake, taratibu. Zikikataa, ziache, piga picha ukurasa mzima. Hakuna gundi, hakuna selotepu, hakuna kulamineti.

6. Weka kwenye karatasi nyeupe, si bahasha za khaki, zina asidi. Sanduku liinuliwe lisiguse sakafu, likae mbali na ukuta wa nje, na lisiwe darini chini ya bati.

7. Andika orodha: namba, ni nini, kimetoka wapi, nani amekuambia.

8. Ndipo uzungumze na hifadhi ya nyaraka. Bara kuna Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, hifadhi ya Zanzibar ipo Kilimani, ya Kenya ipo Moi Avenue, Nairobi. Mkabidhiane kwa maandishi. Kumiliki karatasi si kumiliki hakimiliki: kwa sheria ya Tanzania, haki ya mwandishi inaendelea miaka 50 baada ya kifo chake. Skripti aliyoandika mtu mwingine huwezi kuichapisha eti kwa kuwa ilikuwa chini ya kitanda cha babu yako.

MASWALI

Kijana wa Kariakoo: Mkuu, picha zimechanika, nibandike na selotepu ile nyembamba?

Mwandishi: Hatua ya 5.

Kijana wa Kariakoo: Nimesoma harakaharaka, samahani.

Mwandishi: Soma polepole. Vipande viwili vitie ndani ya karatasi moja iliyokunjwa, basi.

Mpenda Haki: Mnajitesa. Piga picha zote kwa simu, karatasi choma. Hizi ni zama za dijitali.

Mwandishi: Simu yangu ya mwaka juzi haiwaki. Karatasi ya 1974 naisoma sasa hivi. Usichome kitu cha marehemu ambacho ndugu zako hawajakiona.

Binti Makorora: Shikamoo dada. Skripti za babu zina mistari ya rangi mbili, nyekundu na buluu, kisha vijialama kama koma kubwa juu ya maneno. Najua si za mwandishi. Ni nini?

Mwandishi: Marahaba mdogo wangu, umeuliza vizuri. Sijui mkono wa babu yako, lakini kwa baba mkubwa buluu ilikuwa maneno yake na nyekundu ni neno la mwisho la mwenzake, la kumwambia sasa ingia. Alama zile kwake zilikuwa pumzi. Akicheza mzee mgonjwa alizitia nyingi, akicheza askari hakuna. Linganisha skripti mbili za watu tofauti aliowaigiza. Alama zikibadilika kufuata mhusika, umepata jinsi alivyoifanya kazi yake. Piga picha kurasa hizo kwa rangi, fotokopi nyeusi itaziua.

Binti Makorora: Nimelinganisha. Kwenye ya mganga hakuna hata moja! Asante sana dada.

Baba Junior: Wadudu wametoboa daftari. Nipulize dawa?

Mwandishi: Hapana. Funga daftari ndani ya mfuko wa plastiki, litie kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, wiki mbili. Ukilitoa usifungue mfuko hadi kesho yake, unyevu ubaki nje. Kanda na picha za kioo usizitie.

Fundi Kanda: Naongezea. Kaseti za sauti zina vipande viwili vidogo vya plastiki juu, vivunje leo, mtoto asije kurekodi juu yake. Ukiona unga mweupe kwenye utepe usiicheze, ni ukungu, utachafua mashine na kanda nyingine.

Mwandishi: Ahsante fundi. Hili nilipaswa kuliandika juu.

Wa Likoni: Nina tangazo la mchezo, limeandikwa "Ijumaa 13 Machi", mwaka hakuna. Marehemu alisema ni miaka ya themanini.

Mwandishi: Siku ya wiki ni ushahidi. Miaka ya 80, Machi 13 ilikuwa Ijumaa mara mbili tu, 1981 na 1987. Lina jina la kituo?

Wa Likoni: Sauti ya Kenya.

Mwandishi: Hilo linafaa kujua, maana Sauti ya Kenya ilirudia jina lake la zamani, KBC (Shirika la Utangazaji la Kenya), 1989, lakini miaka yako yote miwili iko kabla. Geuza nyuma.

Wa Likoni: Nyuma kuna tangazo la Michezo ya Afrika, Nairobi, "Agosti mwaka huu".

Mwandishi: 1987. Andika kwa penseli kwenye orodha, na uandike umejuaje.