Bastola Inajamu? Usimwite Fundi Kabla Hujakagua Magazini

Mzee mmoja mwenye duka Kariakoo alinifuata renji (uwanja wa kulenga shabaha) na bastola yake ya milimita 9. Nilimwamkia, akaitikia kwa unyonge, halafu akaiweka mezani. "Mwanangu, chuma hiki kimezeeka. Kila nikipiga, risasi ya tatu au ya nne lazima ijamu. Nitafutie fundi anibadilishie mtutu."

"Mtutu tuuache kwanza, mzee. Una magazini ngapi?"

"Mbili."

"Inajamu na ipi?"

Akanyamaza. Hakuwahi kujiuliza.

Nimefundisha walinzi na wamiliki wenye leseni hapa Dar kwa muda sasa, na swali hilo huwanyamazisha wengi. Bastola ikikwama watu huilaumu bastola nzima, wakati mara nyingi mgonjwa ni magazini (kasha la risasi linalochomekwa kwenye mpini), risasi, uchafu au mkono. Huu ndio utaratibu ninaoufuata mimi.

Hatua ya 1: Itoe risasi zote

Mtutu uelekee upande salama, kidole kiwe nje ya triga. Chomoa magazini kwanza, ndipo uvute slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza nyuma na mbele. Ukianza na slaidi, risasi ya chemba (nafasi ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi ya kupigwa) itaruka nje, lakini slaidi ikirudi itabeba nyingine kutoka kwenye magazini, na wewe utabaki ukiamini bastola ni tupu. Ifunge slaidi ikiwa nyuma, tazama ndani ya chemba, kisha pachunguze kwa ncha ya kidole kidogo. Risasi zipeleke chumba kingine.

Mambo mawili yanatokea ukiwa kwenye kupiga, na hayo hayana mzaha. Ukivuta triga ukasikia "tik" tu, usiguse slaidi. Shikilia mtutu kwenye shabaha na uhesabu sekunde 30, maana baruti inaweza kuchelewa kuwaka. Na mlio ukiwa dhaifu kuliko kawaida, acha kupiga papo hapo. Huenda kichwa cha risasi kimebaki ndani ya mtutu, na risasi itakayofuata inaweza kuupasua.

Hatua ya 2: Itazame kabla ya kuikwamua

Hapa ndipo watu wanapopoteza ushahidi. Bastola ikikwama tu, mkono umeshavuta slaidi. Subiri. Mtutu ukiwa bado kwenye shabaha na kidole kikiwa nje, angalia kilichotokea.

Risasi imeinamisha pua au imegota kwenye mteremko wa mdomo wa chemba? Slaidi imeshindwa kufunga kabisa, imebaki milimita chache? Hayo ni matatizo ya kulisha, yaani kuingiza risasi kwenye chemba. Ganda tupu limebanwa wima kwenye dirisha la slaidi, kama bomba la moshi? Au ganda limebaki ndani ya chemba na risasi mpya imekuja kuligonga kisogoni? Hayo ni ya kutoa ganda. Andika kwenye daftari: magazini ipi, risasi ya ngapi, boksi gani, nani alikuwa anapiga.

Hatua ya 3: Magazini

Zipe namba kwa rangi ya kucha. Usicheke, ile ya mama watoto inadumu kuliko kalamu ya wino. Piga kwa namba 1 peke yake, kisha namba 2. Ugonjwa ukihama na magazini, umeshampata mchawi.

Jamu ya risasi za mwisho hunielekeza kwenye springi iliyochoka, haisukumi kwa nguvu tena. Jamu ya risasi ya kwanza, magazini ikiwa imejaa pomoni, mara nyingi ni springi mpya ngumu. Punguza risasi moja ujaribu. Midomo ya juu ikipinda, risasi hutoka ikiwa imeinama au zinachomoka mbili kwa mpigo. Kama ni risasi ileile kila mara, papasa ubavu wa magazini ukitafuta bonde. Ifungue, safisha kwa kitambaa, irudishe ikiwa kavu. Ndani ya magazini usitie mafuta. Yanakusanya vumbi na yanaweza kupenya hadi kwenye risasi.

Hatua ya 4: Risasi

Hii nawaandikia hasa walinzi. Kila zamu ikianza unakoki (unavuta slaidi kuingiza risasi chemba), zamu ikiisha unaitoa, na risasi ileile unairudisha juu ya magazini. Kila ikigonga mteremko wa chemba, kichwa kinaweza kuzama kidogo ndani ya ganda. Isimamishe mezani kando ya risasi mpya ya boksi lilelile. Ikiwa fupi, hata kwa unene wa ukucha, usiipige. Nafasi ndani ya ganda ikipungua, presha inapanda kwa kiwango cha hatari. Itenge na uikabidhi kwa anayesimamia silaha kazini kwenu.

Risasi zenye kutu ya kijani, za ganda lililobonyea au dhaifu kuliko bastola yako inavyotaka pia zinajamisha. Jaribu boksi la aina nyingine kabla ya kwenda mbele.

Hatua ya 5: Uchafu na mafuta

Upepo wa bahari wa Kigamboni na Msasani una chumvi, na mkoba wa ngozi unanyonya jasho. Hapa kwetu bastola inaweza kushika kutu bila kupigwa hata risasi moja. Sugua chemba kwa brashi yake, futa mteremko, kisha ondoa masizi chini ya kucha ya slaidi, ile ndoana inayong'ang'ania ukingo wa ganda na kulivuta nje. Masizi yakijaa hapo kucha haishiki vizuri, na ganda linabaki chemba.

Paka tone moja moja la mafuta ya silaha kwenye reli za slaidi, basi. Niliwahi kuletewa bastola iliyopakwa mafuta ya nazi. Mwenyewe anafanya kazi ofisi yenye kiyoyozi, na mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi. Slaidi ilikuwa inatembea kama imepakwa mshumaa.

Hatua ya 6: Mkono

Slaidi inahitaji fremu (mwili wa bastola unaoushika) iliyotulia ili irudi nyuma hadi mwisho. Kifundo cha mkono kikilegea, fremu inarudi pamoja nayo, nguvu inapotea, ganda linabanwa dirishani. Mpe mtu mwingine mwenye leseni na uzoefu apige bastola ileile, magazini ileile. Kwake ikienda vizuri, shida iko kwenye mshiko wako.

Hatua ya 7: Sasa ndiyo zamu ya fundi

Springi ya slaidi iliyochoka, kucha iliyomeguka, ejekta (kipande kinachorusha ganda nje) iliyovunjika: hivyo vibadilishwe na fundi mwenye kibali, kwa vipuri vya bastola hiyohiyo. Usipige tupa mteremko wala kucha. Nimeona bastola nzima zikiharibiwa na tupa ya shilingi elfu tano. Na kuijaribu ni renji tu, si uani wala porini Pugu.

Tukirudi kwa mzee wangu: namba 1 ilimaliza risasi zote bila tatizo, mara tatu. Namba 2 ikajamu kwenye ya nne. Nikapitisha kidole ubavuni, chini kidogo ya katikati, nikakuta bonde. Kisukuma risasi kilikuwa kinanasa hapo hapo kila kikipanda. Mzee akakumbuka kwamba mlango wa sefu uliwahi kuibana. Akanunua nyingine. Namba 2 ninayo mimi, naitumia darasani kwa risasi bandia, maana inajamu kwa uaminifu kila ninapoihitaji.